Kuajiri Vijana Waliomaliza Chuo Lubumbashi Katika Miezi ya Baridi: Mwongozo Kamili kwa Kampuni Ndogo

Kuanzia Mei mpaka Agosti hapa Lubumbashi mvua imekwisha, vumbi limetawala, na alfajiri za Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kampuni nyingi ndogo za mji huu hazifikirii kuajiri wakati huo. Zinangoja Oktoba au Novemba, mtu mmoja aache kazi ghafla, ndipo bosi anapiga simu kwa shemeji yake: "Hauna kijana aliyesoma hapo nyumbani?" Nafasi inajazwa kwa haraka, na mwaka mzima unaofuata watu wanalalamika kwamba vijana wa leo hawajui kazi.

Vijana wanajua mambo mengi. Shida ni kwamba tunawatafuta wakati mbaya na kwa njia mbaya. Miezi ya baridi ndiyo miezi yao. Mafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wako mwisho wa masomo, wanaandika memwari zao (kazi za utafiti za kumaliza chuo), bado hawajatawanyika kwenda Kolwezi, Kinshasa au Ndola. Barabara ni kavu, kwa hiyo unaweza kumpeleka kijana Kipushi au Likasi asubuhi na kumrudisha jioni. Tena kazi za nje ziko mbioni: misingi inachimbwa, mabomba yanalazwa, paa zinaezekwa, kila mtu anakimbilia kumaliza kabla mvua hazijarudi. Kijana anayeingia Juni anaiona kazi ikiwa uchi. Anayeingia Desemba anakuta matope, watu wamejikunyata chini ya turubai, na hajifunzi kitu.

Ninaandika hapa nikiwafikiria wenye karakana, ofisi za hesabu, kliniki, shule binafsi, na hasa kampuni ndogo zinazofanya kazi za sous-traitance, yaani kazi ambazo migodi inazikabidhi kampuni nyingine. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 ilizitengea kazi hizo kampuni ambazo mtaji wake mwingi uko mikononi mwa Wakongomani, na tangu hapo kampuni za aina hiyo zimekuwa nyingi mjini. Nyingi zina magari na vyombo. Kinachokosekana ni watu waliochaguliwa vizuri.

Mei: andika kazi yenyewe, usiandike cheo

Kabla ya kutafuta mtu, kaa na yule atakayemsimamia, muandike kwenye karatasi moja mambo ambayo kijana huyo atafanya siku ya Jumatatu, siku ya Jumanne, mpaka Ijumaa. "Mhandisi wa umeme" haitoshi. "Atapima mota tatu kila asubuhi, ataandika ripoti kwa Kifaransa, ataongea na mafundi kwa Kiswahili, na mara mbili kwa mwezi atalala Likasi": hiyo ndiyo kazi. Ukishaandika hivyo, mara nyingine utagundua kwamba haumhitaji mwenye shahada. Kama kazi ni kuchomelea vyuma tu, kijana aliyefunzwa INPP, kituo cha serikali cha mafunzo ya ufundi, atakufaa zaidi, na wewe hutamvunja moyo mhandisi kwa kumpa kazi ambayo haikumhitaji.

Ondoa pia lile sharti la "uzoefu wa miaka mitano". Linaonekana kwenye matangazo mengi, hata yale yanayosema yanatafuta vijana. Mtoto aliyemaliza chuo mwezi uliopita atautoa wapi? Sharti hilo linawafukuza waaminifu na kuwaacha wanaodanganya kwenye CV zao. Kama unataka mtu mwenye uzoefu, mtafute huyo na umlipe inavyostahili. Kama unataka kijana, kubali kwamba utamfundisha.

Weka mshahara wako sasa hivi, kabla haujamwona mtu yeyote. Ukingoja kumwona, utaanza kupima njaa yake badala ya kazi yake.

Elewa shahada zilizo sokoni

Hapa wengi wanachanganyikiwa, na inafaa kukaa kidogo. Katika mfumo wa zamani mwanafunzi alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Mwenye licence alikuwa na miaka 5 ya chuo. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulipoenea nchi nzima kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, licence ikawa ya miaka 3, na master ikafuata kwa miaka 2. Kwa hiyo leo mezani kwako zinaweza kufika CV mbili zenye neno lilelile, moja ya mtu wa miaka 5 na nyingine ya mtu wa miaka 3. Katika tangazo lako andika idadi ya miaka ya masomo unayotaka. Ukifanya hivyo utaepuka ugomvi wa mshahara baadaye, na hautamkosea kijana wa LMD kwa kumdhania amedanganya.

Jambo la pili: diploma yenyewe huchelewa. Kijana anaweza kuwa amefaulu vizuri na bado hana karatasi hiyo mkononi kwa muda mrefu. Kubali atestasyo, karatasi ya chuo inayothibitisha kwamba amefaulu, pamoja na matokeo ya kila mwaka, yaani zile relevé de cotes. Mwenye kung'ang'ania diploma ya asili Julai atabaki na watu waliomaliza zamani tu.

Nenda chuoni mwenyewe

UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndiyo watu wanaikumbuka kwanza, na ni haki yake: kuna Polytechnique (kitivo cha uhandisi), kuna Uchumi, Sheria, Sayansi, Agronomia, na ESI inayotoa wahandisi wa viwanda. Lakini usiishie njia ya Kasapa, kwenye kampasi yake. ISC inatoa wahasibu, ISS inatoa watu wa takwimu na kompyuta, ISTM inatoa wauguzi na watu wa maabara. Kuna Université Protestante de Lubumbashi, kuna Don Bosco, kuna Nouveaux Horizons. Kampuni kubwa zinagombania majina machache ya Polytechnique, na kumbe mhasibu hodari uliyemhitaji yuko ISC na hakuna mtu aliyekwenda kumwuliza.

Peleka barua kwa mkuu wa kitivo, yenye muhuri wa kampuni, ukiomba ruhusa ya kubandika tangazo kwenye valvu, zile mbao ambazo wanafunzi wanapitia kila asubuhi kutazama matokeo na ratiba. Usibandike bila ruhusa, litang'olewa siku hiyohiyo. Ukiwa hapo, pita aparitora, ofisi inayosajili wanafunzi, au sekretarieti ya kitivo uulize kalenda halisi: mitihani inaanza lini, deliberasyo (kikao cha kuamua matokeo) ni lini, utetezi wa memwari ni lini. Usitegemee kalenda ya mwaka jana, wala ya kitivo cha jirani, maana kila kimoja kina mwendo wake. Kuwaita watu kwenye mahojiano katikati ya mitihani ni kuwalazimisha kuchagua kati ya shahada na kazi.

Kisha fanya jambo ambalo waajiri wachache sana wanalifanya: nenda usikilize utetezi wa memwari. Ni wa hadhara, mlango uko wazi. Keti nyuma na daftari. Katika muda mfupi utamwona kijana akieleza kazi aliyoifanya kwa miezi, akiulizwa maswali magumu na maprofesa, akijitetea au akikubali kwamba hapo hakupima vizuri. Hakuna mahojiano ya ofisini yatakayokuonyesha hayo. Andika majina. Baadaye mtafute asistenti aliyewaongoza umwulize swali moja: nani kati yao alirudi kusahihisha bila kusukumwa?

Tangazo na dosye

Tangazo liwe fupi na liseme ukweli: kazi ni nini, iko wapi, miaka mingapi ya masomo, mshahara au angalau kiwango chake, siku ya mwisho, na mahali pa kuleta dosye, yaani karatasi za maombi. Toa wiki mbili. Umeme wa SNEL unakatika, bando za intaneti zinaisha, na si kila kijana ana kompyuta. Pokea dosye kwa mkono, kwa barua pepe, na kwa WhatsApp pia, hata kama ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, mradi inasomeka.

Mwanzoni omba vitu vitatu: CV, barua, na nakala ya matokeo. Basi. Cheti cha afya, cheti cha mwenendo mwema, kadi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), picha za paspoti, nakala zilizothibitishwa: kila kimoja kinamgharimu kijana pesa na siku nzima ya kuzunguka mjini. Kuwaomba watu mia moja walipe gharama hizo ili wewe uchague mmoja ni kuwanyonya watu ambao hawana kitu. Mwombe yule uliyemchagua.

Andika pia kwa herufi kubwa mwishoni mwa tangazo: HULIPI CHOCHOTE ILI KUPATA KAZI HII. Mjini kuna watu wanaojifanya wapatanishi, wanachukua dola za vijana kwa ahadi ya "kuwaingiza" mahali. Jina la kampuni yako linaweza kutumiwa bila wewe kujua. Sentensi hiyo moja inamlinda mama wa Katuba asiuze cherehani yake.

Na branshema, yaani kuingizwa kazini kwa kujuana? Simu zitakuja tu. Mjomba, padri, afisa, mteja wako mkubwa. Usigombane na mtu. Mjibu kwa heshima: "Ndiyo baba, mwambie alete dosye kabla ya tarehe kumi na tano, tutamwangalia pamoja na wengine." Kisha mwangalie kweli, pamoja na wengine, kwa jaribio lilelile. Baadhi yao ni wazuri, na ni dhulma kumkataa mtu kwa sababu ana mjomba. Ila ukimpa nafasi bila kumpima, wafanyakazi wako wote watajua kabla ya saa sita mchana, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeamini neno lako kuhusu bidii.

Siku ya mahojiano

Ita watu wachache, sita au saba kwa siku. Waanze saa tatu asubuhi, si mapema zaidi. Kijana anayetoka Ruashi au Kasapa kufika katikati ya mji saa moja na nusu ameondoka nyumbani gizani, juu ya pikipiki, upepo wa Julai ukimpiga kifuani. Atafika mbele yako midomo imekauka na mikono inatetemeka, nawe utafikiri ni woga. Weka chai ya moto mlangoni na mikate. Gharama yake ni ndogo, na utamsikiliza mtu badala ya kusikiliza baridi.

Anza na memwari. Mwambie mapema ailete. Ifungue wewe mwenyewe katikati, sura ile yenye namba na michoro, umwambie: "Nieleze ukurasa huu." Aliyeifanya kazi mwenyewe ataeleza hata yale ambayo hayakuandikwa: mita ilivyoharibika, mlinzi alivyomzuia kuingia, kwa nini jedwali lina safu moja tupu. Aliyenunua memwari au kunakili ya mwenzake atasoma sentensi zilizo mbele yake kwa sauti. Tofauti hiyo haijifichi.

Kisha mpe kazi ya mikono, ya muda usiozidi saa moja. Mhasibu mpe ankara kumi, nyingine za franka na nyingine za dola, aziingize kwenye jarida la hesabu kufuata mpango wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambao nchi yetu iko ndani yake tangu 2012. Angalia anavyoshughulika na kiwango cha kubadilisha fedha: je, anauliza ni cha tarehe gani? Anayeuliza ni mhasibu. Mtu wa umeme mpe mchoro wenye kosa ulilolipanda makusudi. Mwanajiolojia mpe mawe matano na karatasi. Mwalimu mpe darasa halisi kwa dakika ishirini. Na kazi hiyo iwe ya zoezi tu. Usiwape watahiniwa kazi ya mteja wako waifanye bure, huo ni wizi.

Sehemu moja ya mahojiano ifanyike kwa Kifaransa kwa ajili ya ripoti, na nyingine kwa Kiswahili, Kiswahili cha hapahapa. Hili nalitilia mkazo sana. Kiwanjani, fundi mwenye miaka ishirini ya kazi hatapokea agizo la mtoto anayemwongelesha Kifaransa cha vitabu. Mwulize kijana: "Muzee fundi amekataa kuvaa mkanda wa usalama kwenye paa. Utamwambia nini?" Sikiliza kama anaanza na "Muzee" au anaanza na sheria. Sikiliza pia kama mwishowe anasimamisha kazi, maana heshima isiyosimamisha kazi inaweza kuua mtu. Unayemtafuta ana vyote viwili.

Kwa mabinti, maswali yawe yaleyale. Usimwulize ataolewa lini, ana mimba au hana, mchumba wake anasemaje kuhusu safari za Likasi. Mwambie safari zipo, umwulize kama ataziweza, kama ulivyomwuliza kaka yake. Sheria ya Kazi ya nchi yetu haikubali ndoa wala mimba kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, kwa hiyo haina maana kuyafanya kuwa sababu ya kutompa.

Baada ya hapo, thibitisha matokeo. Chukua nakala za relevé uziandikie sekretarieti ya chuo chake, kwa idhini yake. Huchukua siku kadhaa. Zisubiri.

Staji ya Julai na Agosti

Kama una nafasi mbili, chukua watu wanne kwa staji, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi miwili, na uwaambie tangu siku ya kwanza kwamba nafasi ni mbili. Andika makubaliano: tarehe ya kuanza na kumaliza, msimamizi ni nani, watajifunza nini, watapewa nini. Lazima wapewe usafiri na chakula cha mchana, na kitu kidogo juu yake. Staji isiyolipa hata usafiri inachagua watoto wa wenye nacho tu, na wewe unapoteza mtoto wa mtaa wa Kenya au wa Kampemba hapa mjini ambaye labda ndiye bora kuliko wote.

Mpe kila mmoja buti, kofia, barakoa ya vumbi na jaketi nzito. Vumbi la kiangazi si mchezo kwa mtu anayeshinda nje. Mpe msimamizi mmoja, mtu mzima mwenye subira, na umpunguzie huyo msimamizi kazi nyingine, maana kufundisha kunachukua saa zake. Stajieri anayetumwa kununua vocha na kupiga fotokopi kwa miezi miwili hajapimwa. Kila Ijumaa akuandikie ukurasa mmoja: nimefanya nini, nini sikuelewa. Hizo kurasa nane zitakuambia nani wa kumbakiza.

Mkataba

Ukishachagua, fanya kwa maandishi. Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Mambo machache ambayo kampuni ndogo husahau:

Muda wa majaribio lazima uandikwe. Haupiti mwezi 1 kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu, na haupiti miezi 6 kwa wengine. Wale wanaowaweka vijana "kwenye majaribio" mwaka mzima wanavunja sheria.

Mkataba wa muda maalumu haupiti miaka 2, na hauwezi kuendelea kurudiwa kila mara kama inavyofanyika. Wiki ya kazi ni saa 45. Kabla ya kuanza, kijana apimwe afya, na gharama hiyo iwe yako.

Mwandikishe CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Michango ni asilimia 18 ya mshahara: 13 zako, 5 zake. Mweleze hizo 5 kabla hajaziona zimekatwa, pamoja na kodi ya mshahara, ili mshahara wa kwanza usigeuke kuwa mshtuko. Ongeza makazi, usafiri na matibabu, ambavyo sheria imeviweka juu yako na si hisani. Tangaza ajira hiyo kwa Inspection du Travail (wakaguzi wa kazi) na ONEM. Kama karatasi hizi zinakuchanganya, mlipe mtu wa hesabu azifanye. Ni rahisi kuliko faini.

Soma mkataba pamoja naye, kipengele kwa kipengele, kisha mpe nakala aende nayo nyumbani alale nayo usiku mmoja. Wengi hawajawahi kushika mkataba maishani mwao na watasaini chochote kwa furaha. Usiitumie furaha hiyo.

Wale ambao hawakupata

Andika ujumbe kwa kila mtu aliyeleta dosye. Mistari miwili ya WhatsApp inatosha: "Tumepokea, tumesoma, nafasi imekwenda kwa mwingine, asante." Kijana anayengoja simu yako anaacha kutafuta kwingine, na nyumbani wote wanamwuliza kila jioni. Kwa wale uliowahoji, ongeza neno moja la kweli la kuwasaidia: Kifaransa cha ripoti, au Excel, au kutetea namba zake.

Wastajieri wawili uliowaacha wape barua nzuri yenye tarehe, kazi walizofanya, na jina la msimamizi. Weka simu zao katika orodha yako. Kabla mvua hazijaanza, mmoja kati ya uliowachukua anaweza kuitwa na kampuni kubwa ya Kolwezi yenye mshahara ambao hauwezi kuushindania. Siku hiyo hutampigia shemeji. Utampigia mtu ambaye tayari anajua mahali buti zinapowekwa na jina la fundi wa zamu ya usiku.